Kompyuta ya mzee imekaa sandukuni miaka zaidi ya thelathini. Tuiwashe au tuiache? Naomba ushauri wa mafundi wastaafu wa jeshi

BintiSajini:

Wakuu, heshima zenu. Maafande wastaafu mliomo humu, shikamooni.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio jeshini. Alistaafu zamani. Mikono sasa inatetemeka na macho yamefifia, ila kichwa bado kizima. Wiki iliyopita alituamuru tufungue sanduku lake la bati, lile ambalo utotoni tulikatazwa hata kulikalia. Ndani tumekuta kompyuta ndogo ya ZX Spectrum 48K yenye vitufe vya mpira, adapta yake, mita kubwa ya kupimia umeme ya AVO Model 8, osiloskopu (chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo) ya Tektronix 465 na kaseti kumi na moja. Kaseti moja ina mwandiko wake: ANTENA 3 USIFUTE.

Hiyo ndiyo anayoitaka. Anasema aliandika programu hiyo mwenyewe, usiku usiku baada ya zamu, ya kukokotoa urefu wa antena za waya. Anataka kuiona ikifanya kazi mara moja tu.

Mdogo wangu akachukua adapta akaelekea nayo ukutani. Mzee akapiga kibao mezani mpaka miwani ikaruka: "Pima kwanza!" Basi tukapima kwa mita ya kidijitali. Adapta imeandikwa volti 9, mita inasoma 13.1. Mdogo wangu anasema imekufa, tutafute nyingine. Tulipogeuka kumuuliza mzee, tayari amesinzia.

Je, adapta ni mbovu kweli? Kompyuta niiwasheje bila kuiunguza? Kaseti ya umri huu naishikaje? Na AVO haisomi ohmu kabisa, mshale haunyanyuki, ingawa kwenye volti inafanya kazi. Osiloskopu hatujaigusa. Nawasilisha.

Afande Kibao:

Marahaba binti. Mpelekee mzee saluti yangu, na huyo mdogo wako mwambie angekuwa karakana yetu angefagia mpaka Jumapili.

Adapta si mbovu. Ni ya kizamani: transfoma, diodi, kapasita, basi. Hakuna kitu ndani kinachoshikilia volti zisipande, kwa hiyo ikiwa haina mzigo inakimbilia 12 au 13. Ikishaunganishwa na kompyuta inashuka yenyewe. Anayeshikilia ni chipu ya 7805 iliyomo ndani ya Spectrum, imefungwa kwenye bati la kuipoozea. Inatoa volti 5 na zinazozidi inazigeuza kuwa joto. Ndiyo maana zile mashine zilikuwa moto kama pasi.

Hatari iko kwenye hilo neno "nyingine". Plagi ya Spectrum katikati ni HASI, nje ni chanya. Adapta nyingi za siku hizi ni kinyume chake. Mimi nilishawahi kuazima adapta ya redio ya jamaa tuliyelala naye bweni moja, plagi ikaingia vizuri kabisa, nikashangilia. Ile harufu naijua mpaka leo.

KijanaWaKodi:

Samahanini wazee wangu, kwani lazima mashine yenyewe? Kuna emuleta, programu inayoiga mashine ya zamani, hata kwenye simu, dakika mbili tu mzee anacheza. Hayo makopo yawekeni kabatini yapendeze.

BintiSajini:

Kijana, emuleta nimeshaipakua. Lakini programu ya baba haiko mtandaoni, iko kwenye utepe. Mtu pekee aliyewahi kuwa nayo ni yeye.

Afande Kibao asante sana. Nimemsomea. Kwenye harufu amecheka hadi akakohoa.

Mtambo_Mstaafu:

Uzi huu umenitoa machozi ya furaha. Kabla ya Spectrum kulikuwa na ZX81, ya mwaka 1981, kumbukumbu kilobaiti 1. Moja! Ukitaka zaidi unachomeka nyuma kile kiboksi cha kilobaiti 16, na kiboksi chenyewe kinacheza. Tulikuwa wanne karakana ya mawasiliano, tunachanga zamu ya kuandika. Saa tatu mtu anabonyeza vile vitufe vya kubandikwa, mwingine anamsomea mistari, kisha anapita wa tatu anagusa meza kwa nyonga. Kioo cheupe. Kila kitu kimekwenda. Palizuka ugomvi pale ambao hata gwaride la adhabu halikuumaliza.

Lakini mjue, kwa mafundi wa redio kompyuta hizo hazikuwa maajabu. Ukishazoea kufuata ishara hatua kwa hatua ndani ya redio, ukaona imeingia hapa na haikutoka pale, na kompyuta ni vilevile, tofauti ni kwamba humu ishara ama ipo ama haipo. Wengi wetu tulijifunza Z80, chipu kuu ya kompyuta hizo, kwa osiloskopu kabla hatujajifunza kwa kitabu.

Sasa AVO. Binti, usiipeleke kwa fundi, ina njaa ya betri. Kwenye volti mita ile haihitaji betri, inaendeshwa na kile inachopima. Kwenye ohmu inatumia betri zake, moja ya volti 1.5 na nyingine ya volti 15 kwa ajili ya ohmu kubwa. Fungua kijumba cha betri. Bila shaka utakuta zimetapika unga wa kijani. Zitoe, futa vishikio kwa siki kidogo na pamba, kausha vizuri. Weka ile ya 1.5 kwanza, ya 15 inasumbua kupatikana na kwa kazi yako hutaihitaji. Siku mshale ukigoma kila mahali, tazama kile kitufe cha kujikata: mita ikizidiwa au ikigongwa kinaruka juu, unakibonyeza kirudi.

Kingine ambacho kilituaibisha wengi mbele ya wakufunzi: kwenye ohmu, waya mwekundu wa AVO ndio hasi. Ukipima diodi kwa kuamini rangi utaitupa nzima na kuifunga mbovu.

AVO ya kwanza ilitoka 1923, na hiyo Model 8 ilianza 1951 ikatengenezwa mpaka 2008. Ni mita iliyowazika mafundi kadhaa na bado inasoma.

Mama Masafa:

Nami nilikuwa mawasiliano, upande wa opereta. Nije kwenye kaseti maana naona wanaume wanakimbilia nyaya.

Mwanangu, kwanza geuza kaseti, tazama ukingo wa nyuma. Kama vile vishikizo viwili vya plastiki bado vipo, vivunje. Bila vishikizo kitufe cha kurekodi hakikubali kushuka. Watu wamepoteza programu zao dakika ileile waliyokuwa wanaziokoa.

Kisha chungulia pale katikati utepe unapopita. Kuna kisponji kidogo juu ya kibati. Gundi yake huchoka, kinadondoka, na bila hicho utepe haushiki hedi, kile kichwa kinachousoma. Kama kimedondoka, hamisha utepe wote kwenye ganda la kaseti nyingine nzima ya skrubu. Zungusha kwa kalamu taratibu mpaka mwisho, kisha rudisha, ili tabaka zilizogandana ziachane. Usitumie redio kaseti ya sandukuni kama ipo: mipira yake ya ndani kwa umri huo inageuka lami na utepe utaliwa.

Pata deki iliyo nzima, safisha hedi kwa spiriti, halafu usiipeleke sauti kwenye Spectrum. Ipeleke kwenye kompyuta ya leo, rekodi faili la sauti la WAV, mara moja, upande mzima. Hapo hata utepe ukikatika kesho, ANTENA 3 ipo.

Na sikiliza kwa masikio yako, usiangalie mita tu. Spectrum inaanza na mluzi mmoja ulionyooka, kama Hezi 807, sekunde tano hivi. Kisha mlipuko mfupi: hilo ni jina la programu. Kimya kidogo. Mluzi tena sekunde mbili, halafu ndipo yale makelele marefu. Makelele hayo ni sauti mbili tu zinazopokezana, sifuri ni kama Hezi 2047 na moja ni kama 1023. Tuliokaa na Morse masikioni miaka tulikuwa tunajua programu itakataa kabla kioo hakijasema. Ikisikika kama iko chini ya blanketi, hedi imepinda kulinganisha na ile iliyorekodi. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Zungusha robo ya robo, huku na huku, mpaka makelele yawe makali kama wembe.

KijanaWaKodi:

Mama Masafa naomba radhi kwa yale niliyosema juu. Hii ni elimu. Kumbe emuleta inaweza kusoma hilo WAV?

Mama Masafa:

Nyingi zinasoma, au unaligeuza kuwa faili la TZX, la kaseti za Spectrum, kwanza. Umeona sasa, simu yako nayo ina kazi.

Fundi Lehemu:

Nizungumzie mashine yenyewe. Mimi sikuwa redio, nilikuwa rada, ila Spectrum nimefufua nyingi.

Geuza, fungua skrubu tano. Ukishaziondoa USIVUTE kifuniko. Kibodi imeunganishwa kwa tepe mbili nyembamba za plastiki na kwa umri huu zimekauka kama jani. Inua ukingo kidogo, shika tepe karibu kabisa na soketi, vuta wima. Zikikatika si mwisho wa dunia, kibodi mpya za ndani zinatengenezwa, lakini mzee atakutazama jicho baya.

Ndani kuna chipu nane za 4116 zilizojipanga safu. Hizo ni kilobaiti 16 za chini na zinataka volti za aina tatu. Kile kisehemu kidogo chenye koili na transista TR4 ndicho kinachozalisha volti 12 na hasi 5, na ndicho kinachokufa zaidi. Hasi 5 ikipotea huku 12 ipo, chipu zinaungua moja baada ya nyingine wakati wewe umekaa unasubiri picha. Kwa hiyo usisubiri picha. Ukiwasha, weka probu (ncha ya mita) nyeusi kwenye pini 16 ya mojawapo ya chipu hizo. Pini 1 isome hasi 5, pini 8 isome 12, pini 9 isome 5. Hasi 5 ikikosekana, chomoa hapohapo.

Kabla hujagusa, funga ncha ya probu kwa tepu ya umeme ibaki milimita mbili tu. Probu ikiteleza kutoka pini 8 ikagusa pini 7, volti 12 inaingia kwenye laini ya anwani inayopita chipu zote. Sikusomea hilo popote, usiniulize nilijuaje.

Kilobaiti 32 za juu zina kisa chake. Zilitumika chipu za kilobiti 64 ambazo nusu moja ilikuwa mbovu, wakatumia nusu nzima. Yaani hiyo mashine imezaliwa na viungo vya kukataliwa na bado iko hai.

Afande Kibao:

Kwenye osiloskopu: chukua balbu ya zamani ya waya, wati 100, iunge mfululizo na umeme unaoingia. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea.

Fundi Lehemu:

Kwa 465 sawa, ina transfoma ya kawaida. Lakini afande, usiwafundishe vijana kwamba balbu ni dawa ya kila kitu. Kwenye pawa saplai za kubadili kwa kasi, volti zikiwa pungufu yenyewe inavuta ampea zaidi na unaiua kwa huruma yako.

Afande Kibao:

Nimesema 465. Soma swali kabla ya kufyatua.

Mtambo_Mstaafu:

Hahaa, karakana imerudi.

Binti, 465 ya mzee tazama kibati cha nyuma. Kama kimeandikwa AN/USM-425 basi ni 465M, ndugu yake wa kijeshi aliyetengenezewa jeshi la Marekani, na ndani hawafanani sana, usitumie michoro ya huyu kwa yule. Ya kawaida ilitoka 1972, njia mbili, megahezi 100, kilo kama 10. Kwetu aliyeibeba peke yake mpaka kwenye mlingoti alihesabiwa mwanaume.

Ugonjwa wake mkubwa ni kapasita za tantalamu. Zinapiga shoti bila kuaga. Ndani kuna laini za volti 110, 55, 15, 5 na hasi 8. Fundi akikuta moja imelala sifuri, aanze kuzitafuta hizo. Lakini nasema FUNDI. Nyuma ya kioo kuna maelfu ya volti na zinabaki hata ukishachomoa. Wewe na mdogo wako kifuniko cha 465 msikifungue.

Ikiwaka salama, funga probu kwenye kile kishikio cha mbele kinachotoa mawimbi ya mraba ya kilohezi 1. Pembe zikiwa za mraba kweli, probu iko sawa. Zikiwa zimelegea au zimechongoka, kuna skrubu ndogo kwenye probu, izungushe. Hilo mwachie mzee akuelekeze. Mikono itetemeke, jicho la fundi halisahau mraba.

Na ile klipu ya probu ni ethi. Si "hasi", ni ethi ya ukutani moja kwa moja. Nilikuwa kijana, nimepewa televisheni ya bwalo la maafisa nitengeneze, nikabana klipu kwenye chasisi. Chasisi yenyewe ilikuwa imeungwa na umeme wa ukutani. Mwanga niliouona haukuwa wa picha. Klipu ilikatwa kama kwa mkasi, na bwalo zima likalala gizani huku watu wameshika vikombe.

Mama Masafa:

Kama sandukuni kuna mita ndogo za zamani zenye namba zinazong'aa gizani, au zilizowahi kung'aa, msizifungue wala msizikwangue. Nyingi za enzi hizo zilipakwa radiamu. Rangi inaacha kung'aa, mionzi haiachi.

BintiSajini:

MREJESHO wakuu. Samahanini kwa ukimya wa siku tisa.

Kaseti: vishikizo vilikuwepo! Nimevivunja. Mara ya kwanza kurekodi ilisikika chini ya blanketi kama Mama Masafa alivyosema. Nikazungusha skrubu ya hedi, baba amekaa kwenye kiti amefumba macho, ananiambia "bado... bado... rudi... hapo." Mimi sikusikia tofauti yoyote. Yeye alisikia. WAV ipo sasa, nimeihifadhi sehemu tatu.

Spectrum: tulikuta hasi 5 ipo, 12 ipo, 5 ipo. Baba alidai kusoma mwenyewe kwa AVO, nikamshikia probu mimi. Tepe moja ya kibodi ilikatika mkononi mwangu. Jicho baya nimelipata. Tukasubiri kibodi mpya ya ndani.

Televisheni ya sebuleni haikuipata kabisa, tukaazima ya kizamani tukatafuta chaneli 36. Kioo cheusi, kisha kikawa cheupe, chini kukaandikwa © 1982 Sinclair Research Ltd. Mdogo wangu akaanza kutafuta kwenye simu namna ya kuandika amri ya kupakia. Hakumaliza. Baba alinyoosha kidole kinachotetemeka, akabonyeza J bila kutazama, neno LOAD lote likatokea kwa kitufe kimoja. Akashika kile kitufe cha pembeni na P mara mbili, ENTA. Miaka zaidi ya thelathini, wakuu, na vidole bado vinajua njia.

Mara ya kwanza ilikataa: R Tape loading error. Tukaongeza sauti. Mara ya pili mistari myekundu na ya samawati pembeni, kisha ya bluu na njano, ikaenda hadi mwisho. Ikauliza MASAFA MHz? Akanitajia 7.1. Ikajibu mita 20.07, kila mkono 10.04. Nikamwomba nione mistari yenyewe. Kanuni iko mstari wa 40, 142.5 gawanya kwa masafa. Ila mstari wa 5, wa maelezo tu (REM), ndio ulionimaliza:

5 REM ATAKAYEFUTA ATAPIGA KWATA

Osiloskopu bado. Kibati cha nyuma hakina hiyo AN/USM, kwa hiyo ni ya kawaida. Tumepata fundi atakayeifungua, baba ameshasema atakaa pembeni yake.

Kaseti zilizobaki ni kumi. Ya pili imeandikwa ANTENA 2 IMEKOSEWA, na hiyo nayo anaitaka.

Afande Mtambo, baba anakuuliza: kile kiboksi cha ZX81 kisicheze mlikibana na nini? Anasema wao walikata ulimi wa buti la mtu aliyekuwa likizo.

Mtambo_Mstaafu:

Mwambie mzee anijibu kwanza: buti hilo lilikuwa namba saba au nane? Maana nilirudi likizo nikakuta la kushoto halina ulimi.